Vali za Nyuma za Urethra: Kwa Nini Kibofu na Figo za Mtoto Hugeuka Kovu

Mtu atokaye Masasi kwenda Newala hupanda hadi juu ya Uwanda wa Makonde, na akifika huko hutambua upesi kwamba nchi ile haina mito. Udongo wake ni wa kichanga. Mvua inyeshapo maji huzama ardhini, kisha hutokea chini mabondeni kama chemchemi. Kwa sababu hiyo wakazi wa Chilangala na kata nyingine za Newala wameteremka mabondeni kuteka maji kwa vizazi vingi, au wameyakinga maji ya mvua, na tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyasukuma maji kwa pampu kutoka bondeni hadi juu. Mwanafunzi wa huko hahitaji maelezo marefu kuhusu kanieneo, yaani shinikizo la maji katika bomba. Anajua kwamba bomba likizibwa, shida haiishii mahali palipozibwa, bali hurudi nyuma hadi kwenye pampu yenyewe.

Mwili wa mtoto nao una mfumo wa mirija, na mirija hiyo yaweza kuzibwa kabla mtoto hajazaliwa. Makala hii inaeleza kizuizi kimoja cha namna hiyo, kiitwacho vali za nyuma za urethra. Lengo lake ni kuonyesha jambo ambalo bomba la chuma haliwezi kutufundisha: tishu hai haikai kimya inapobanwa. Hupokea habari, huijibu, na hatimaye jibu lake lenyewe huwa ndilo ugonjwa.

Njia ya mkojo na kizuizi chake

Figo mbili huchuja damu na kutengeneza mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, ambavyo kwa wastani hukaribia milioni moja. Mkojo hushuka kutoka figoni kwa mirija miwili iitwayo ureta na kukusanyika kibofuni. Kutoka kibofuni hutoka nje kwa mrija mmoja uitwao urethra.

Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na vikunjo vyembamba vya utando ndani ya urethra, chini kidogo ya kibofu. Vikunjo hivyo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mpira wa mkojo ukiingizwa kutoka nje, aghalabu hupita bila taabu. Lakini mkojo unapotaka kutoka, vikunjo hutuna kama tanga lililojaa upepo na kuziba njia. Daktari Hugh Hampton Young na wenzake wa Baltimore, Marekani, ndio walioeleza hali hii kwa utaratibu mwaka 1919 na kuipanga katika aina zake. Takwimu za nchi mbalimbali zaonyesha kwamba humpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 hadi 8,000 hivi. Watoto wa kike hawaipati.

Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, hali hii ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kazi kwa watoto wa kiume. Uchunguzi wa muda mrefu katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba takriban robo hadi theluthi ya watoto hao hatimaye hupoteza kazi ya figo, hata baada ya vali zenyewe kuondolewa. Hapo ndipo penye swali la kisayansi. Ikiwa kizuizi kimeondolewa, kwa nini figo ziendelee kuharibika?

Asili ya vali

Urethra ya mtoto wa kiume huundwa katika majuma ya awali ya mimba, wakati mirija kadhaa ya kiinitete inapoungana, kuhama na kupotea kwa mpango maalumu. Wataalamu wengi hudhani kwamba vali ni mabaki ya mirija hiyo iliyoungana mahali pasipo pake. Mpango huo huongozwa na jeni. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko katika jeni iitwayo BNC2 yaweza kusababisha kuzibika kwa njia ya chini ya mkojo katika baadhi ya familia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha jenomu za wagonjwa 132 na za watu 23,727 wasio na ugonjwa huo. Ulionyesha sehemu mbili zinazohusika, moja katika kromosomu ya 12 karibu na jeni TBX5, na nyingine katika kromosomu ya 6 karibu na jeni PTK7. Jeni zote mbili hushiriki katika kuzipanga tishu za kiinitete.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye hali hiyo. Kosa hutokea katika ujenzi wa mwili, mapema mno kiasi kwamba mara nyingi mama huwa amejua kwa majuma machache tu kwamba ni mjamzito. Kwa hiyo hakuna msingi wowote wa kumlaumu mama kwamba amevunja mwiko, wala wa kumtafuta jirani mwenye husuda.

Jinsi seli inavyohisi kuvutwa

Figo za kijusi huanza kutoa mkojo karibu na juma la 10 la mimba. Kuanzia majuma ya 16 hadi 20, sehemu kubwa ya maji ya chupa ya uzazi huwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Ikiwa njia imezibwa kabisa, maji hayo hupungua, na mapafu, ambayo huyahitaji ili yakue, hubaki madogo. Baadhi ya watoto hufa mara wazaliwapo kwa kushindwa kupumua, ingawa chanzo cha kifo chao kilikuwa katika urethra.

Ikiwa njia imezibwa kwa kiasi tu, mtoto huishi, lakini kibofu chake hulazimika kusukuma kwa nguvu. Hapa kanuni moja ya fizikia yatufaa. Mkazo katika ukuta wa chombo cha mviringo kama mpira hupatikana kwa kuzidisha kanieneo ya ndani kwa nusu kipenyo, kisha kugawanya kwa unene wa ukuta uliozidishwa kwa mbili. Kibofu kikitanuka hata nusu kipenyo chake kiwe maradufu, mkazo nao huwa maradufu, hata kama kanieneo na unene havikubadilika. Njia mojawapo ya kupunguza mkazo huo ni kuongeza unene wa ukuta, na hivyo ndivyo kibofu kifanyavyo.

Lakini seli hujuaje kwamba inavutwa? Kila seli ya misuli ya kibofu imeshikamana na nyuzi za kolajeni zilizo nje yake kwa protini ziitwazo integrini. Integrini hupenya utando wa seli kama kamba ipitayo dirishani: ncha moja imefungwa nje kwenye kolajeni, na nyingine imefungwa ndani kwenye kiunzi cha seli. Ukuta ukinyooshwa, kamba hukazika, na vimeng'enya vilivyo karibu na ncha ya ndani huamshwa. Tena, katika utando wa seli mna vijilango vinavyofunguka utando unapovutwa, vikaruhusu chembe za kalisi kuingia. Ugunduzi wa vijilango vya jamii hiyo, viitwavyo Piezo, ulimpatia Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021, pamoja na David Julius. Habari hizo husafiri hadi katika kiini cha seli na kuziwasha jeni ambazo kwa kawaida zimezimwa.

Kibofu kinavyobadilika

Jibu la kwanza la kibofu ni la busara. Seli za misuli hutengeneza protini za kuchochea ukuaji, nazo huongezeka ukubwa na idadi. Ukuta hunenepa, na kwa muda kibofu huweza kuushinda ule mlango. Lau jambo lingeishia hapo, tungelisifu tu.

Halikomi hapo. Katika majaribio yaliyofanywa kwa sungura waliobanwa urethra, imeonekana kwamba mayosini, ile protini inayovuta misuli, hubadilika: aina ya kasi hupungua na ya polepole huongezeka. Misuli hupata uvumilivu, lakini hupoteza wepesi wake. Aidha, kila mara kibofu kinene kinapojikaza, mishipa yake ya damu hubanwa na seli hukosa oksijeni kwa kitambo. Neva nazo hupungua.

Mabadiliko mabaya kuliko yote huletwa na protini iitwayo TGF-beta. Protini hii ni tarishi wa kawaida mwilini. Bila yake kidonda hakifungi. Huwekwa kati ya seli ikiwa imefungwa ndani ya protini nyingine, mithili ya barua iliyotiwa lakiri. Integrini zikiivuta kwa nguvu, lakiri hupasuka na ujumbe hutoka. Ujumbe wenyewe ni mfupi: tengeneza kolajeni. Seli ziitwazo fibroblasti hutii, na nyuzi ngumu hujaa kati ya misuli. Sasa tazama hatari yake. Ukuta wenye kolajeni nyingi ni mgumu. Katika ukuta mgumu kila mvuto huwa mkali zaidi. Na mvuto mkali hupasua lakiri nyingine. Kovu huzaa kovu.

Wakazi wa mabonde ya kusini mwa Tanzania wanakijua kichocho cha kibofu. Mayai ya mnyoo yanaponasa katika ukuta wa kibofu, tishu hulia kwa njia inayofanana na hii na kuacha kovu. Tofauti ni kwamba kichocho huingia mwilini mtoto anapooga katika maji yenye konokono, na aghalabu dalili yake ni damu katika mkojo; vali mtoto huzaliwa nazo.

Figo zinavyoharibika

Kibofu kisipoweza kujimwaga, kanieneo hupanda kwa njia ya ureta. Ureta hutanuka na kujipinda, na figo hujaa mkojo. Madhara yake hutegemea sana wakati yalipoanza.

Nefroni huundwa kwa mazungumzo baina ya tishu mbili. Chipukizi la ureta huingia katika tishu changa ya figo. Tishu changa hutoa protini iitwayo GDNF, na chipukizi huipokea kwa kipokezi kiitwacho RET, kisha hugawanyika matawi kama mti. Katika kila ncha ya tawi huumbwa nefroni mpya. Kazi hii hukoma karibu na juma la 36 la mimba, na baada ya hapo binadamu hapati nefroni nyingine maisha yake yote. Majaribio kwa vijusi vya kondoo yameonyesha kwamba njia ya mkojo ikizibwa mapema, figo haziumbiki sawasawa. Ikizibwa baadaye, figo zilizokwisha umbika hutanuka tu. Katika figo zisizoumbika vyema, jeni PAX2, ambayo ingepaswa kuzimwa baada ya ujenzi, hubaki imewashwa katika mirija isiyokomaa, huku seli za jirani zikifa.

Nefroni zilizosalia nazo hazina amani. Seli za mirija yake zinaponyooshwa, figo huongeza homoni iitwayo anjiotensini. Kazi yake ya kawaida ni kubana mishipa na kulinda msukumo wa damu, lakini hapa pia huamuru TGF-beta zaidi itengenezwe. Makrofaji huitwa na kumiminika. Baadhi ya tarishi wanaotolewa huziamuru seli za mirija zife. Fibroblasti hugeuka kuwa seli zenye aktini, zinazoweza kujikaza kama misuli, na kuzalisha kolajeni kwa wingi. Wakati huohuo protini zinazozuia kuyeyushwa kwa kolajeni huongezeka. Uzalishaji umepanda na usafishaji umeshuka. Mahali palipokuwa na nefroni hukaa kovu.

Jibu la swali lililoulizwa awali sasa liko wazi. Daktari anapoikata vali huondoa mlango, lakini haondoi kolajeni iliyokwisha wekwa, wala harudishi nefroni ambazo hazikuumbwa. Nefroni chache zilizobaki hulazimika kufanya kazi ya zote, na mzigo huo wenyewe huzinyoosha na kuamsha tena anjiotensini.

Maarifa haya si ya vitabuni tu. Kwa kuwa anjiotensini imo katikati ya mnyororo huo, dawa zinazozuia kutengenezwa kwake, ambazo hutumika pia kwa shinikizo la damu, hupewa baadhi ya watoto wenye figo dhaifu. Jaribio lililofanywa Ulaya kwa watoto 385 wenye maradhi ya figo ya aina mbalimbali, na kuchapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba kushusha zaidi shinikizo la damu la watoto waliokuwa wakitumia dawa ya jamii hiyo kulichelewesha figo kushindwa kazi. Dawa hizo sharti ziandikwe na kufuatiliwa na daktari.

Dalili na matibabu

Mashine ya ultrasaundi yaweza kuonyesha kibofu kilichovimba na figo zilizotanuka kuanzia nusu ya pili ya mimba. Ndiyo sababu mama mjamzito ahimizwe kuhudhuria kliniki mapema. Lakini hata mahali pasipo na mashine, wazazi na mkunga wana kipimo kimoja kisichohitaji umeme: kuutazama mkojo wa mtoto wa kiume unapotoka. Mkojo wa mtoto mzima huruka kwa mkondo. Mkojo utokao kwa matone, mtoto anayejikamua au kulia anapokojoa, uvimbe chini ya kitovu usiopungua baada ya kukojoa, homa za mara kwa mara ambazo kipimo cha malaria hakizielezi, na uzito usiopanda katika kadi ya kliniki, vyote ni dalili za kumpeleka mtoto hospitali bila kungoja. Mkondo mzuri peke yake hauondoi shaka ikiwa dalili nyingine zipo. Tena ifahamike kwamba tohara, iwe ya jandoni au ya hospitali, haiondoi vali, kwa maana vali ziko ndani kabisa, karibu na kibofu.

Kutoka Chilangala safari huanzia katika zahanati, ikaendelea hadi hospitali ya Newala, Mkomaindo iliyoko Masasi au Ndanda, na ikilazimu Mtwara au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 500. Hatua ya kwanza ya matibabu ni rahisi, nayo huokoa maisha: kupitisha mpira mwembamba hadi kibofuni ili kanieneo ishuke, kutibu maambukizi, na kurekebisha chumvi za damu. Baadaye daktari bingwa huzikata vali kwa chombo chembamba chenye taa kinachopitishwa katika urethra. Pasipo na chombo cha kumtosha mtoto mchanga, kibofu huweza kufunguliwa tundu dogo chini ya kitovu, mkojo ukatokea hapo hadi mtoto akue. Kisha hupimwa kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huiondoa katika damu. Mtoto ambaye kreatinini yake iko chini ya miligramu 0.8 kwa desilita afikapo mwaka mmoja ana matumaini mema zaidi.

Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kupandikiza figo huhitaji ndugu wa kujitolea na dawa za maisha. Mpira mwembamba uliowekwa katika juma la kwanza ni nafuu kwa mbali.

Mtoto huyu awapo shuleni

Sehemu ya mwisho ya habari hii yawahusu walimu. Katika mirija ya figo mna vijilango vya maji viitwavyo akwaporini, ambavyo Peter Agre alipata kwavyo Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kwa vijilango hivyo figo huyarudisha maji mwilini na kuufanya mkojo uwe mchache. Figo iliyokaa muda mrefu chini ya kanieneo hupungukiwa na akwaporini ya aina ya 2. Matokeo yake ni kwamba mtoto hutoa mkojo mwingi mwepesi usiku na mchana, hata kama hakunywa maji mengi. Kibofu chake kigumu hujaa upesi, naye huona kiu daima.

Mtoto wa namna hii darasani huomba ruhusa mara kwa mara, hukimbilia mtungi wa maji, aghalabu ni mdogo kuliko wenzake, na nyumbani huitwa kikojozi. Mara nyingi hunyimwa maji jioni ili asilowanishe kitanda, au huadhibiwa na kuchekwa. Mahali ambapo maji hubebwa kichwani kutoka mbali, kumnyima mtoto anayekunywa sana huonekana kuwa ni haki. Kwa mtoto huyu ni madhara matupu: figo zake haziwezi kuyazuia maji, kwa hiyo akinyimwa hukauka mwili, na nefroni chache zilizosalia huumia zaidi. Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa watoto wengi wazima, na si kila kikojozi ni mgonjwa. Lakini mvulana anayejikamua akikojoa, au anayelowana hata mchana, au mwenye kiu isiyokwisha, anastahili kupimwa mkojo, damu na shinikizo la damu, na kufanyiwa ultrasaundi.

Mwalimu hawezi kuzikata vali, wala mwanafunzi hawezi kuizima TGF-beta. Wanaweza, hata hivyo, kumruhusu mwenzao atoke darasani anapoomba, kumwachia anywe maji, na kuwaambia wazazi wake waende naye hospitali wakiwa na kadi yake ya kliniki. Kadiri kanieneo inavyoshushwa mapema, ndivyo nefroni nyingi zaidi zinavyosalia.